Ndege Huzeeka Lini? Jinsi Shirika Linavyopanga Kubadili Ndege Zake za Masafa Marefu

Utangulizi

Watu wengi hudhani kwamba ndege huzeeka kama gari lizeekavyo: huchakaa, huharibika mara kwa mara, na mwishowe haiwezi tena kusafiri bila kuhatarisha maisha ya watu. Ndiyo maana husikika wakilaumu shirika fulani kwa kuwa na ndege kuukuu, wakiwa na maana kwamba ndege hizo si salama. Fikira hiyo si sahihi. Ndege iliyotunzwa kwa kufuata kanuni yaweza kuruka salama kwa miaka 30 au zaidi. Hata hivyo mashirika mengi huziondoa ndege zao za masafa marefu kabla ya umri huo, tena kwa kulipa fedha nyingi sana ili kupata mpya. Je, kwa nini wafanye hivyo? Nao huujuaje wakati unaofaa?

Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo kwa kutumia fizikia, kemia na hesabu zifundishwazo katika shule za sekondari. Mfano wetu mkuu utakuwa Kenya Airways, shirika la Afrika Mashariki ambalo limekwisha badili ndege zake za safari ndefu mara kadhaa tangu lilipoundwa mwaka 1977, na ambalo katika miaka ya 2013 hadi 2016 lilipata funzo gumu katika kazi hiyo. Msomaji ataona kwamba kubadili ndege ni kubadilishana gharama: shirika hupunguza gharama ya mafuta, ambayo hukoma ndege inapokaa chini, na kuchukua gharama ya deni, ambayo haikomi kamwe mpaka limelipwa lote. Asiyeitambua tofauti ya gharama hizo mbili hawezi kupanga vizuri.

Uzee wa aina tatu

Uzee wa kwanza ni ule wa metali. Chukua kipande cha waya ukikunje na kukikunjua mara nyingi mahali pamoja. Kitakatika, ingawa hakuna mkunjo hata mmoja uliokuwa na nguvu ya kutosha kukikata peke yake. Hali hii huitwa uchovu wa metali. Kila ndege ya abiria inapopanda juu, hewa iliyomo ndani huwa na mgandamizo mkubwa kuliko ile ya nje, na kiwiliwili cha ndege hutanuka kidogo kama puto. Inaposhuka, hurudi katika hali yake. Kwa hiyo kinachoichosha metali hasa ni idadi ya safari, si idadi ya miaka. Tarehe 28 Aprili 1988, huko Hawaii, paa la sehemu ya mbele ya ndege aina ya Boeing 737 ya shirika la Aloha Airlines liling'oka angani, na mhudumu mmoja akapoteza maisha yake. Ndege hiyo ilikuwa na umri wa miaka 19, lakini kwa kuwa ilifanya safari fupi fupi kati ya visiwa, ilikuwa imekwisha ruka na kutua mara 89,680, tena katika hewa yenye chumvi ya bahari.

Sasa linganisha na ndege ya masafa marefu. Hiyo huruka takriban mara mbili tu kwa siku, yaani mara 700 hivi kwa mwaka. Katika miaka 20 itakuwa imeruka mara 14,000 tu. Ni dhahiri basi kwamba ndege ya safari ndefu haiondolewi kazini kwa sababu ya uchovu wa metali kwanza.

Uzee wa pili ni ule wa matengenezo. Kila baada ya muda uliowekwa, ndege huingizwa karakana, viti na kuta za ndani huondolewa, na mifupa yake yote hukaguliwa. Kwa Boeing 767 ukaguzi mkubwa wa namna hii hufanywa kila baada ya miaka 6 hivi. Kwa Boeing 787 muda uliopangwa ni miaka 12. Kila ukaguzi ni wa gharama kubwa kuliko uliotangulia, kwa sababu kutu na nyufa huongezeka kadiri miaka ipitavyo. Kwa hiyo mpangaji huutazama ukaguzi mkubwa kama njia panda: ama alipe na kuendelea na ndege ileile kwa miaka mingine, ama aiondoe kabla ya kulipa.

Uzee wa tatu ni wa kiuchumi. Ndege yaweza kuwa nzima kabisa lakini ikawa imezeeka kwa kuwa kiwandani imetoka nyingine ifanyayo kazi ileile kwa mafuta machache zaidi. Uzee huu haumo ndani ya ndege yenyewe, bali umo katika tofauti kati yake na wenzake. Huu ndio unaoamua mara nyingi.

Akiba ya mafuta hutoka wapi?

Ndege inapokwenda sawasawa angani, kani nne hulingana mbili mbili. Mnyanyuo wa mabawa hulingana na uzito, na msukumo wa injini hulingana na ukinzani wa hewa. Katika ndege kubwa za kisasa mnyanyuo huwa takriban mara 18 hadi 20 ya ukinzani. Maana yake ni kwamba kwa kila newtoni 19 za uzito, injini hazina budi kusukuma kwa newtoni 1 hivi, saa baada ya saa. Kutokana na maelezo haya mwanafunzi anaweza kugundua mwenyewe njia tatu za kupunguza mafuta: kupunguza uzito, kupunguza ukinzani, na kuboresha injini.

Kuhusu uzito, takriban nusu ya tungamo la mifupa na ngozi ya Boeing 787 ni nyuzinyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ya plastiki, badala ya aluminiamu. Vitu hivyo ni vyepesi kwa nguvu ileile, havishiki kutu, na havichoki upesi kama metali. Kupunguza uzito kuna faida ya ziada katika safari ndefu, kwa kuwa ndege hubeba mafuta ya kuyabebea mafuta mengine. Ukipunguza kilo moja ya chuma, umepunguza pia sehemu ya mafuta ambayo yangechomwa kwa kuibeba kilo hiyo.

Kuhusu ukinzani, mabawa marefu na membamba hupoteza nguvu kidogo katika kuivuruga hewa. Mabawa ya nyuzinyuzi za kaboni yaweza kufanywa marefu namna hiyo bila ya kuwa mazito mno.

Kuhusu injini, tukumbuke kanuni mbili za fizikia. Msukumo hutokana na mabadiliko ya momenta ya hewa, yaani tungamo mara kasi. Nishati inayotumika hutegemea nusu ya tungamo mara kasi ya kipeo cha pili. Tuseme injini moja husukuma kilo 10 za hewa kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde, na nyingine husukuma kilo 100 kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde. Momenta ni sawa katika zote mbili: 1,000. Lakini nishati iliyopewa hewa ni jouli 50,000 katika injini ya kwanza na jouli 5,000 tu katika ile ya pili. Kwa hiyo ni afadhali kusukuma hewa nyingi polepole kuliko hewa kidogo kwa kasi kubwa. Ndiyo sababu injini za sasa zina pangaboi pana sana mbele. Katika injini za Boeing 767, takriban kilo 5 za hewa hupita kando ya chumba cha mwako kwa kila kilo 1 iingiayo ndani. Katika injini za General Electric zilizofungwa kwenye Boeing 787 za Kenya Airways, hupita takriban kilo 9.

Kwa kuziunganisha njia hizi zote, kiwanda cha Boeing kiliwaahidi wanunuzi kwamba 787 ingetumia mafuta pungufu kwa takriban asilimia 20 kuliko ndege za ukubwa huo ilizokuja kuzirithi.

Uwanja ulio juu ya usawa wa bahari

Kabla ya kuchagua aina ya ndege, mpangaji hutazama viwanja atakavyovitumia. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Kwa kawaida mgandamizo wa hewa katika kimo hicho ni karibu kilopaskali 83, ambapo usawa wa bahari ni kilopaskali 101. Mchana wenye joto la nyuzi 25, densiti ya hewa ya Nairobi ni karibu kilo 0.97 kwa mita ya ujazo. Katika pwani, kwa mfano Mombasa au Dar es Salaam, penye joto la nyuzi 30, densiti ni karibu kilo 1.17. Hivyo hewa ya Nairobi ni pungufu kwa takriban moja ya sita.

Mnyanyuo hutegemea densiti mara kasi ya kipeo cha pili. Kwa hiyo ili kupata mnyanyuo uleule, ndege iliyoko Nairobi haina budi kukimbia kwa kasi iliyozidi kwa takriban asilimia 10. Wakati huohuo injini zake hupata hewa kidogo na hivyo hutoa msukumo mdogo zaidi. Hasara ni maradufu: ndege hutakiwa kukimbia zaidi, nayo ina nguvu pungufu. Njia iliyobaki ni kupunguza mzigo, abiria au mafuta.

Kwa sababu hiyo masafa yaliyoandikwa katika kijitabu cha kiwanda hayatoshi kumwongoza mpangaji. Jambo hili si geni katika Afrika Mashariki. East African Airways, lililomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda, lilianza kutumia ndege za Super VC10 mwaka 1966. Ndege hizo zilibuniwa Uingereza kwa kuzingatia hasa viwanja vya joto na vya nyanda za juu.

Hesabu ya kubadilishana

Sasa na tufanye hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano wa darasani, wala si za shirika lolote, lakini ukubwa wake unakaribia hali halisi.

Tuseme ndege kongwe hutumia tani 6 za mafuta kwa saa, na mpya hutumia tani 4.8, yaani pungufu kwa asilimia 20. Kila moja huruka saa 4,500 kwa mwaka. Malipo ya umiliki wa ndege kongwe, yaani kodi au mkopo, ni dola milioni 3.6 kwa mwaka, na ya ndege mpya ni dola milioni 11.4. Matengenezo ya ndege kongwe ni dola milioni 6, na ya mpya ni dola milioni 3. Ili kurahisisha hesabu, tuchukulie kwamba matengenezo hayabadiliki. Gharama nyingine, kama mishahara ya marubani na ada za viwanja, tuzihesabu kuwa ni sawa.

Hali ya kwanza: bei ya mafuta ni dola 1,000 kwa tani. Ndege kongwe itachoma mafuta ya dola milioni 27, na mpya ya dola milioni 21.6. Jumla ya gharama za ndege kongwe ni dola milioni 36.6, na za mpya ni milioni 36. Ndege mpya imeshinda, ingawa kwa tofauti ndogo.

Hali ya pili: bei ya mafuta imeshuka hadi dola 400 kwa tani. Sasa jumla ya ndege kongwe ni dola milioni 20.4, na ya mpya ni karibu milioni 23. Ndege kongwe imeshinda.

Hali ya tatu: bei imebaki dola 1,000, lakini abiria wamepungua na kila ndege huruka saa 3,000 tu. Jumla ya ndege kongwe ni dola milioni 27.6, na ya mpya ni milioni 28.8. Hapa tena ndege kongwe imeshinda, ingawa mafuta ni ghali vilevile kama katika hali ya kwanza.

Hali ya tatu ndiyo inayosahauliwa. Akiba ya mafuta hupatikana kila saa ndege inaporuka. Isiporuka, hakuna akiba. Deni kwa upande wake hulipwa kila mwezi, ndege iruke isiruke. Ndege kongwe ni kama kibarua alipwaye kwa siku anayofanya kazi. Ndege mpya ni kama mwajiriwa wa mshahara mkubwa: anafaa sana mahali penye kazi tele, lakini huwa mzigo mahali ambapo kazi imekatika.

Faida nyingine isiyo ya fedha haina budi kutajwa. Katika hali ya kwanza ndege mpya imeokoa tani 5,400 za mafuta kwa mwaka. Mafuta ya ndege, ambayo ni jamaa ya mafuta ya taa, yaweza kuwakilishwa kwa CH2 iliyorudiwa mara nyingi. Gramu 14 za CH2 zikichomwa hutoa gramu 44 za kaboni dioksaidi, maana oksijeni ya hewani huongezeka katika uzito. Kwa hiyo tani 5,400 za mafuta zingetoa karibu tani 17,000 za gesi hiyo, ambayo huongeza joto la dunia.

Ratiba ihesabiwayo kinyumenyume

Ndege hainunuliwi dukani. Viwanda viwili tu, Boeing cha Marekani na Airbus cha Ulaya, ndivyo vinavyouza ndege nyingi kubwa za masafa marefu duniani, na mnunuzi hupanga foleni kwa miaka. Kwa hiyo mpangaji huanza na mwaka ambao ndege kongwe itapaswa kuondoka, tuseme kabla ya ukaguzi mkubwa, kisha akahesabu kurudi nyuma. Mwaka mmoja kabla yake marubani na mafundi lazima wawe katika mafunzo. Miaka mitano au zaidi kabla yake mkataba lazima uwe umetiwa sahihi. Na kabla ya mkataba, lazima njia zote, abiria na mizigo viwe vimechunguzwa. Maana yake ni kwamba uamuzi hutegemea utabiri wa hali ya soko itakavyokuwa miaka saba au minane baadaye, na ndege yenyewe itakaa miaka mingine 15 au 20.

Kwa kuwa utabiri hukosea, mpangaji mwenye hekima hujiwekea milango ya kutokea. Hununua baadhi ya ndege na kukodi nyingine, ili za kukodi zirudishwe ikiwa soko limeanguka. Huagiza chache kwa uhakika, na nyingine huziwekea haki ya kununua baadaye. Hupanga tarehe za kwisha kwa mikataba zipishane, zisiangukie mwaka mmoja. Tena huepuka kuwa na aina nyingi za ndege, maana kila aina hudai marubani wake, mafundi wake na vipuri vyake.

Mfano wa Kenya Airways

Historia ya shirika hili inaonyesha vizazi vya ndege vikifuatana. Lilipoanza mwaka 1977, baada ya kuvunjika kwa East African Airways, safari zake ndefu zilifanywa kwa Boeing 707 zenye injini nne. Mwaka 1986 likapata Airbus A310 zenye injini mbili. Mwaka 2001 zikaanza kuingia Boeing 767, na mwaka 2004 Boeing 777-200ER. Kila kizazi kilichukua wastani wa chini ya miaka 15.

Mwaka 2006 shirika liliagiza Boeing 787 ili zichukue nafasi ya 767, na baadaye idadi ikafikia tisa. Zilitarajiwa kuanza kufika mwaka 2010. Lakini kiwanda kilipata matatizo mengi katika kuunda ndege ya namna mpya. Ndege ya kwanza ya aina hiyo iliruka kwa majaribio Desemba 2009, na mnunuzi wa kwanza, All Nippon Airways la Japani, aliipokea Septemba 2011. Januari 2013 ndege zote za aina hiyo zilisimamishwa duniani kwa miezi kadhaa, kwa sababu ya betri zilizoshika moto. Kenya Airways ilipokea ya kwanza Aprili 2014. Katika miaka hiyo ya kungoja, 767 zilibidi kuendelea na kazi.

Wakati huohuo shirika lilikuwa na mpango mkubwa wa kupanuka ulioitwa Mawingu, wenye shabaha ya kuwa na ndege zaidi ya 100 kufikia mwaka 2021. Mwaka 2012 liliwaomba wenye hisa shilingi za Kenya bilioni 20.7, likapata bilioni 14.5. Pengo hilo la mtaji maana yake ni kutegemea mikopo zaidi. Kuanzia Oktoba 2013 zikafika pia Boeing 777-300ER tatu, zenye viti 400 kila moja. Hivyo ndege zilizoagizwa kwa nyakati mbalimbali zikaja kufika karibu pamoja.

Nalo soko likageuka. Agosti 2013 moto uliteketeza jengo la kuwasili abiria wa kimataifa katika uwanja wa Jomo Kenyatta. Septemba mwaka huohuo likatokea shambulio la Westgate jijini Nairobi, na watalii wakapungua. Mwaka 2014 ugonjwa wa Ebola ulilifanya shirika lisimamishe safari za Liberia na Sierra Leone. Mashirika ya nchi za Ghuba yakazidisha ushindani. Bei ya mafuta ghafi nayo, iliyokuwa zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya mwaka 2014, ikashuka hadi chini ya dola 30 Januari 2016. Mtu angetarajia kwamba mafuta rahisi yangelifurahisha shirika la ndege. Lakini lilikuwa limefunga mikataba ya mafuta kwa bei iliyopangwa mapema, likapata hasara kwayo. Na kama hesabu yetu ilivyoonyesha, mafuta yanapokuwa rahisi, thamani ya akiba iletwayo na ndege mpya hupungua pia.

Matokeo yake ni kwamba hali yetu ya pili na ya tatu zilitokea kwa pamoja. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 shirika lilipata hasara ya shilingi bilioni 25.7, na katika mwaka uliofuata bilioni 26.2. Si haki kusema kwamba ndege mpya peke yake ndizo zilizoleta hasara hiyo, lakini malipo yake yasiyokoma yaliifanya kila dhoruba iwe nzito zaidi. Mwaka 2016 Boeing 777-300ER zote tatu zilikodishwa kwa Turkish Airlines, na 787 mbili kwa Oman Air. Mwaka 2017 serikali ya Kenya na mabenki ya huko yaligeuza sehemu ya madeni kuwa hisa.

Hata hivyo ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba 787 zilikuwa chaguo baya. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza safari za moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, umbali wa karibu kilomita 11,800, kwa kutumia ndege hizo hizo. Kwa mwaka 2024 shirika lilitangaza faida ya shilingi bilioni 5.4, ambayo ni ya kwanza baada ya miaka 11. Ndege zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kazi zilizopewa, na uzito wa deni.

Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2025 tatizo la namna nyingine lilijitokeza: 787 tatu kati ya tisa zilikaa chini kwa kukosa injini na vipuri, kutokana na uhaba ulioyakumba mashirika mengi duniani, na shirika likarudi kwenye hasara. Theluthi moja ya uwezo wa safari ndefu iliondoka kwa mkupuo. Mashirika madogo yana hatari kubwa zaidi katika jambo hili. Air Tanzania, iliyopokea 787 yake ya kwanza Julai 2018, ilikuwa nazo tatu ilipofika mwaka 2024. Ikikaa chini moja tu, theluthi nzima ya kundi imekwenda.

Hitimisho

Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Walisema pia, usiache mbachao kwa msala upitao. Mpangaji wa ndege hana budi kuzishika methali zote mbili mkononi. Fizikia humwambia kwa uhakika kiasi cha mafuta atakachookoa kwa kila saa ya kuruka. Haimwambii saa zitakuwa ngapi, wala abiria watakuwa wangapi. Hayo ni ya utabiri, na utabiri lazima uachiwe nafasi ya kukosea.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili: ndege ya masafa marefu imezeeka pale ambapo akiba iletwayo na ndege mpya, kwa saa ambazo shirika lina hakika ya kuziruka hata katika mwaka mbaya, inazidi malipo ya deni. Si kabla ya hapo, hata kama majirani wamekwisha nunua. Wala si baada ya hapo, hata kama ndege kongwe bado inang'aa kwa rangi. Ndege za Kenya Airways zilizofika mwaka 2014 zinatimiza miaka 12 mwaka 2026, umri uliopangwa kwa ukaguzi mkubwa. Njia panda imerudi, na hesabu ni ileile.

Maswali ya mazoezi

1. Kwa kutumia tarakimu za mfano wetu, tafuta bei ya mafuta kwa tani ambayo kwayo gharama za ndege mbili zinalingana, zikiruka saa 4,500 kwa mwaka. (Jibu: karibu dola 889.)

2. Bei ikiwa dola 1,000 kwa tani, ndege mpya lazima iruke saa ngapi kwa mwaka ili isipitwe na kongwe? (Jibu: saa 4,000.)

3. Chora grafu ya jumla ya gharama za kila ndege dhidi ya saa za kuruka, kuanzia saa 0 hadi 5,000, kwa bei ya dola 1,000. Eleza maana ya mahali ambapo mistari miwili inakata mhimili wa gharama, na maana ya mahali inapokutana.

4. Densiti ya hewa ikipungua hadi kilo 0.97 kutoka kilo 1.17 kwa mita ya ujazo, hakikisha kwamba kasi ya kuruka huongezeka kwa karibu asilimia 10. Je, nishati mwendo ya ndege wakati wa kuruka huongezeka kwa asilimia ngapi?

5. Majadiliano ya darasa: wilaya yako ina basi kongwe la shule linalokula mafuta mengi. Ni mambo gani mtayapima kabla ya kukopa fedha za kununua jipya? Yapi mna hakika nayo, na yapi ni ya kutabiri?